Bunduki ya Risasi ya Bastola: Je, Itaifaa Kwale?

Ndovu wanapotoka katika Hifadhi ya Shimba Hills na kuyavamia mashamba ya Mkongani, Majimboni au Lukore, hazikosekani sauti zinazodai kwamba serikali iwape wanavijiji silaha. Madai hayo hayatokani na ushabiki. Mtu aliyelima ekari mbili za mahindi, akapalilia kwa mkono wake, akalala macho wiki tatu akigonga debe, kisha akaamka siku ya nne kukuta mabua yamelala chini kama mkeka, ana haki ya kuuliza dola inamlinda kwa nini na nani. Jambo ambalo halijadiliwi ni hili: silaha ya aina gani? Neno "bunduki" hutajwa kana kwamba bunduki zote ni kitu kimoja, kama mtu anayesema "dawa" bila kutaja ugonjwa.

Ipo aina moja ambayo siku hizi inasifiwa sana na wapenzi wa silaha, hasa kule Marekani, kuwa ndiyo bunduki ya kazi zote. Ni bunduki ndefu yenye kitako cha kuegemea begani, lakini hupiga risasi ile ile ya bastola. Wasifu wake husema ni nyepesi, haina teke kubwa, risasi zake ni rahisi kupatikana, na mtu mwenye bastola na bunduki hiyo huhitaji mfuko mmoja tu wa risasi. Mwenye kusikia sifa hizo akiwa Kwale anaweza kuona kwamba jawabu limepatikana: chombo kimoja cha kumfukuza ndovu, kumtisha mwizi wa mifugo, kumwondoa nguruwe mwitu shambani na kulinda duka pale Ukunda. Makala haya yanakusudia kuipima sifa hiyo kwa mizani ya mahali petu, kwa sababu kosa katika uchaguzi huu hulipwa kwa roho za watu.

Kabla ya kwenda mbali, tulitazame neno lenyewe. Bunduki tumelipata kutoka Kiarabu, na wengi wa wajuzi wa asili za maneno hulirejesha kwenye bunduq, yaani tunda dogo gumu la mviringo mfano wa kokwa. Jina la tunda likapewa kitufe cha kurushwa, na hatimaye jina la kitufe likakipata chombo chenye kukirusha. Kwa maneno mengine, chombo kimeitwa kwa jina la risasi yake. Walioliunda neno hili walikuwa na akili kuliko wengi wanaojadili silaha leo. Risasi ndiyo inayofanya kazi. Bunduki ni njia ya kuifikisha. Anayetaka kuchagua bunduki aanze kwa kuuliza risasi yake inatakiwa itende nini ikifika, na iende wapi endapo itakosa.

Fikra ya kutumia risasi moja kwa silaha mbili si ngeni. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya kukokwa kwa wenzo, yenye risasi fupi ya kipenyo cha inchi 0.44. Miaka mitano baadaye, mwaka 1878, kampuni ya Colt ikatoa bastola inayotumia risasi hiyo hiyo. Kwa mchunga ng'ombe aliye mbali na duka kwa mwendo wa siku kadhaa hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakuhitaji kubeba mikoba miwili ya risasi na kuhangaika gizani kutofautisha hii ya bastola na hii ya bunduki. Katika karne ya 20 majeshi nayo yaliifuata njia hiyo kwa sababu nyingine. Risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ikawa chakula cha bastola na pia cha bunduki fupi za kumimina risasi kwa mfululizo, kama vile Sten ya Waingereza ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambayo hapa Kenya ilionekana mikononi mwa wanajeshi wao katika miaka ya Hali ya Hatari.

Sasa tuingie darasani kidogo, na walimu wa fizikia wataniwia radhi kwa kuingilia kazi yao. Nguvu ambayo kichwa cha risasi hubeba kikiwa mwendoni ni nusu ya uzito wake ukizidishwa kwa mraba wa kasi yake. Risasi ya milimita 9 ya bastola ina kichwa cha takriban gramu 8, na hutoka kwa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi akipiga hesabu atapata juli 500 na ushei. Risasi hiyo hiyo ikipigwa kutoka kasiba ndefu ya bunduki, gesi ya baruti hupata nafasi zaidi ya kuisukuma, na kasi yaweza kufika mita 400, yaani kama juli 640. Hiyo ni nyongeza, lakini si ya kustaajabisha, kwa sababu baruti ya risasi ya bastola huwaka upesi na kumaliza kazi yake mapema. Zipo risasi za bastola zenye baruti nyingi na ya kuwaka polepole, kama ile ya inchi 0.357 iliyotoka mwaka 1935 na ile ya 0.44 iliyotoka mwaka 1955, ambazo hunufaika zaidi na kasiba ndefu. Ile ya kwanza huweza hata kuongeza nguvu yake maradufu. Wamarekani wanaoisifu bunduki ya kazi zote aghalabu huzungumzia hizo, na huzitumia kuwinda paa katika misitu yao kwa umbali usiozidi mita 100. Hapa kwetu risasi hizo si za kawaida. Ile ya milimita 9 ndiyo iliyoenea, na ni miongoni mwa zinazotengenezwa na kiwanda chetu cha risasi kilichoko Eldoret, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990.

Linganisha sasa na bunduki ya G3, ambayo kwa miongo mingi imekuwa begani mwa askari wetu wa polisi. Kichwa chake cha risasi cha gramu 9.5 hivi hutoka kwa kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde. Hesabu hutoa zaidi ya juli 3,000. Uzito wa vichwa viwili haukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni kasi, na kwa kuwa kasi huzidishwa kwa nafsi yake, tofauti ikawa mara tano au sita. Bunduki ya inchi 0.458 ya kuwindia wanyama wakubwa hurusha kichwa cha gramu 32 kwa kasi ya mita 640 hivi na kufikia juli 6,500. Hapo ndipo ndovu anapoanza kuzungumziwa.

Ndovu dume hufika tani tano na kupita. Ubongo wake umefichwa nyuma ya fuvu nene lililojaa vishimo vya hewa mithili ya sega la nyuki, na kabla ya kuufikia risasi lazima ipenye ngozi, nyama na zaidi ya shubiri mbili za mfupa bila kupinda njia wala kuvunjika. Desturi ya uwindaji wa Afrika Mashariki, iliyotiwa pia katika kanuni za nchi kadhaa, iliweka inchi 0.375 kuwa kipenyo cha chini kabisa cha bunduki ya kumkabili mnyama huyo. Kuna atakayenijibu kwa kumtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyewaua ndovu zaidi ya 1,000 katika nchi za Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini kichwa cha risasi ya Bell kilikuwa kirefu, chembamba na kigumu kama msumari, chenye kasi karibu maradufu ya risasi ya bastola, naye alikuwa amejifunza umbile la ndani la ndovu kama daktari wa upasuaji anavyoijua maiti. Kichwa cha risasi ya bastola ni kifupi na butu. Kikilipata fuvu la ndovu hubaki humo. Kikimpata tumboni au mguuni, humwacha akiwa hai, mwenye maumivu na mwenye hasira, na anayekutana naye kesho yake njiani si yule aliyepiga bali ni mama anayekwenda kisimani au mtoto anayekwenda shule alfajiri.

Hili nalitilia mkazo kwa sababu ndipo ilipo hatari ya wazo la silaha ya kazi zote. Mwenye fimbo akimwona ndovu hukimbia. Mwenye bunduki isiyotosha hujiona anatosha.

Inafaa kukumbuka kisa cha Theodore Roosevelt. Huyu alikuwa rais wa Marekani mstaafu na mchunga ng'ombe wa zamani, mtu aliyekulia katika mila za Winchester. Alipotelemka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1909 kwa safari yake mashuhuri ya uwindaji, hakuja na bunduki moja. Alikuwa na Springfield kwa wanyama wa wastani, Winchester ya inchi 0.405 kwa wakubwa zaidi, na bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza kwa ndovu, kifaru na nyati, mbali na ile ya marisau kwa ndege. Tunaweza kuyalaani mauaji aliyoyafanya, nami ni mmoja wa wanaoyalaani. Hata hivyo mtu huyo, aliyekuwa na uwezo wa kununua bunduki yoyote duniani, hakuipata hata moja ya kutosheleza kila jambo. Mkulima wa Lukore ataipata wapi?

Zaidi ya hayo, sheria haijamruhusu kuitafuta. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuufufua. Kibali cha kumiliki silaha si kibali cha kuua nyani wala nguruwe mwitu. Silaha za kijeshi zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi mikononi mwa raia, na bunduki nyingi za kisasa za risasi ya bastola zimekaribiana mno na hizo kwa sura na kwa utendaji. Sheria hiyo ya 2013 ilichofanya ni kuweka fidia: shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Walio vijijini wanajua fidia hiyo hukawia kiasi gani. Kama nguvu zinazotumiwa kudai bunduki zingetumiwa kudai fidia zilizokwama, pengine wajane wangelikuwa wamekwisha kulipwa.

Je, basi bunduki hii haina faida yoyote kwetu? La, ninaamini inayo, ila si msituni. Tushuke kutoka vilimani hadi pwani.

Ukunda na Diani si mashamba tena. Kando ya barabara inayotoka Likoni kuelekea Lunga Lunga nyumba zimebanana: za udongo na makuti, za matofali ya matumbawe, za simiti. Askari anayemfuata jambazi katika vichochoro hivyo akiwa na G3 amebeba chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa vita wa Ulaya, ambako adui alitarajiwa kuwa mita 400 mbele. Risasi yake ikimkosa jambazi hupita ukuta wa udongo, hupita kitanda kilicho nyuma yake, na bado ina nguvu ya kuendelea. Ikirushwa juu kwa pembe ifaayo huweza kuanguka zaidi ya kilomita tatu kutoka ilikotoka. Pale kivukoni Likoni, ambapo maji ya kuvukwa ni kama nusu kilomita tu, risasi iliyopigwa ng'ambo hii ina safari fupi mno kufika kisiwani.

Risasi ya bastola nayo si mchezo. Hupenya ukuta wa udongo ulio dhaifu na huua kama nyingine. Lakini huchoka mapema. Bunduki iliyolengwa sawasawa kwa mita 50 itakuwa imeshusha risasi yake zaidi ya mita moja ikifika mita 200; hasara hiyo kwa mwindaji ni faida kwa jirani asiye na hatia. Halafu kuna suala la mpigaji mwenyewe. Bastola ni silaha ngumu kulenga. Mkono hutetemeka, kasiba ni fupi, na kosa dogo la kidole hupeleka risasi pembeni. Mpe askari huyo huyo risasi ile ile katika chombo chenye kitako cha begani na sehemu tatu za kushikilia, naye atalenga vizuri zaidi kwa mafunzo machache. Askari wa akiba, ambaye kwa kawaida ni mwanakijiji anayepewa risasi chache mno za kufanyia mazoezi, hawezi kuimudu G3 yenye uzito unaopita kilo 4 na teke la kumfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Akifumba macho, usalama wa kijiji umekwisha hapo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mahali penye watu wengi na umbali mfupi, katika miji ya pwani, katika soko, katika lango la hospitali ya Msambweni au la hoteli, askari wa serikali apewe bunduki ya risasi ya bastola, yenye kupiga moja moja, badala ya silaha ya vita. Ndovu aachiwe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lenye bunduki nzito na watu waliofunzwa kuzitumia. Tena shirika hilo lenyewe halikimbilii risasi kila mara: mwaka 2005 lilipoona Shimba Hills imezidiwa, lilianza mpango wa kuwahamisha ndovu 400 kwenda Tsavo Mashariki, wakilazwa kwa sindano za dawa na kupakiwa katika malori. Huko Mwaluganje nako, tangu mwaka 1995, wenyeji wa Kidigo na Kiduruma wenye ardhi waliitoa kuwa hifadhi ya njia ya ndovu wakitarajia mapato ya watalii. Mapato hayo hayakuwa mazuri kila mwaka, na haifai kuwapamba watu kwa hasara wanayoibeba wao. Lakini waliuliza swali la kwanza, yaani tunataka nini kitokee, kabla ya swali la chombo.

Lipo jambo la mwisho, na ndilo linalonifanya nisiyakubali kirahisi maneno ya wanaoisifu bunduki hii hata mijini. Sifa yake kuu ni kwamba risasi yake hupatikana popote penye bastola. Kwa mchunga ng'ombe wa mwaka 1878 hiyo ilikuwa neema. Kwa Kwale tuna kumbukumbu nyingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliokuwa wamekula viapo katika msitu wa Kaya Bombo walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari, wakafungua ghala la silaha na kuondoka na bunduki zaidi ya 40. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makao yao Likoni, Ukunda, Diani na vijiji vya jirani. Tume ya Jaji Akiwumi ilizungumzia mengi kuhusu waliochochea maovu hayo na siasa za uchaguzi wa mwaka ule, na walimu wa historia hawana budi kuwafundisha vijana habari zake bila kuona haya. Mimi hapa nataka tuyatazame makufuli ya ghala lile.

Bunduki iliyoibwa ikiishiwa na risasi hugeuka rungu. Kadiri risasi yake ilivyo adimu, ndivyo inavyogeuka rungu mapema. Bunduki inayokula risasi ya kawaida kuliko zote, risasi ya kila bastola halali na haramu kuanzia Mombasa hadi Lunga Lunga, haitakosa chakula mikononi mwa mwizi. Tena ni fupi: hufichwa ndani ya kikapu cha samaki, chini ya kiti cha matatu, ndani ya kanzu. Faida zile zile alizozitaja muuzaji ndizo atakazozitaja jambazi.

Kwa sababu hiyo, kila kikao cha usalama cha kaunti kitakachojadili kuwapa silaha askari wa akiba wa Kwale kianze na mambo ambayo hayamo katika orodha ya bei. Ghala litajengwa wapi, na ukuta wake una unene gani? Nani anashika ufunguo wa bunduki, na je, ndiye pia anayeshika ufunguo wa risasi? Risasi zinahesabiwa kila siku au kila mwezi, na daftari hilo hukaguliwa na mtu asiyelala katika kituo hicho? Askari wa akiba hupiga risasi ngapi za mazoezi kwa mwaka, na hulipwa nini kwa kazi hiyo asije akaikodisha silaha yake usiku? Kikao kisichoweza kuyajibu hayo hakijafika mahali pa kuchagua kati ya milimita 9 na milimita 7.62.